Kutu ya mita 52 kwenye graniti: je, maji yalikuwa huko zamani na yatarudi?

"Habari mtaalamu. Tumechimba kisima shambani kwa baba, upande wa Chamwino, Dodoma. Rigi ilienda mpaka mita 84. Mita 4 za juu ni udongo mwekundu, kutoka hapo mpaka kama 31 ni mwamba uliooza, mweupe mweupe na pinki, ukiushika unavunjika mkononi, baada ya hapo graniti ngumu yenye nyufa. Maji yalipatikana mita 43, mengine mita 52, na yalipotulia yakapanda mpaka mita 22. Kinachonisumbua ni chenga za mita 50 hadi 54, zina kutu ya njano na kahawia, nyingine zina weusi kama masizi. Fundi wa rigi alisema hiyo kutu ndo usawa wa maji wa zamani, na ukame ukikaza yatarudi hukohuko. Mimi nimesoma kwamba graniti ya Dodoma ina zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu, sasa hayo maji nayo yana umri gani? Kuna jamaa anasema jiwe linaweza kupimwa kaboni tujue kutu ni ya lini, anataka hela kidogo. Inawezekana? Na pampu tuiweke wapi? Chenga zote ninazo kwenye mifuko, mita kwa mita."

Ndugu yangu, asante kwa kuandika kwa vipimo. Watu wengi wananitumia picha ya jiwe na swali "hili ni nini mkuu" basi, wewe umeleta mita kwa mita na hiyo peke yake imenipunguzia nusu ya kazi. Nikikuelewa vizuri maswali ni mengi ila hofu ni moja: kwamba kutu ya mita 52 ni ushahidi kuwa maji yalishawahi kushuka mpaka huko, na yakishuka tena mzee atabaki na shimo kavu na deni la rigi.

Jibu fupi ni hili. Kutu haionyeshi maji yalisimama wapi, inaonyesha oksijeni ilifika wapi, na hivyo ni vitu viwili ambavyo vinaweza kutofautiana kwa makumi ya mita. Inaweza kuwa alama ya zamani sana na inaweza pia kuwa inajitengeneza saa hizi unavyosoma. Njia za kupima umri wa vitu kama hivyo zipo tena ni nzuri, ila kaboni kwa hilo jiwe lako haimo, kwa hiyo huyo jamaa hela usimpe.

Sasa nieleze taratibu, maana kuna umri wa aina tatu hapa na watu wanauchanganya kila siku, hata wanafunzi wa mwaka wa tatu. Kuna umri wa graniti yenyewe, hiyo bilioni 2 na nusu na ushee uliyosoma ni sahihi kwa eneo kubwa la katikati ya Tanzania, inapatikana kwa kupima urani na risasi ndani ya vipunje vya zirikoni, na inakwambia uji wa moto ulipoa lini ukawa jiwe. Haikwambii kitu kingine chochote. Kuna umri wa kuoza, yaani lini hilo jiwe liliinuliwa likafika karibu na uso wa ardhi, mvua ikaanza kulila, hiyo inaweza kuwa miaka milioni kadhaa au makumi ya milioni, na haikutokea siku moja, inaendelea mpaka leo. Halafu kuna umri wa maji, ambayo ni mageni tu yanapita. Maji yakiwa na tritiamu (aina ya haidrojeni yenye mnururisho inayokuja na mvua) ya kutosha ujue kuna mvua ya miaka ya karibuni ndani yake, kwa sababu tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 na kidogo, na ya zamani zaidi yanapimwa kwa kaboni iliyoyeyuka ndani ya maji, kaboni ya 14, ambayo nusu yake inaisha kwa miaka 5,730. Hapo ndo huyo jamaa amechanganya faili: kaboni inapimwa kwenye maji, au kwenye mifupa na mkaa na magamba, sio kwenye kutu. Kutu ni chuma na oksijeni, kaboni ya kupima iko wapi? Na hata pale ilipo, ikishapita kama miaka 50,000 imebaki kidogo mno, haipimiki tena. Kwenye visima vya graniti vya kina kama chako maji mara nyingi ni mchanganyiko, mengine ya misimu ya juzi na mengine ya zamani zaidi, kwa hiyo sahau kabisa habari ya maji ya bilioni 2.

Mwamba wenyewe unaoza hivi. Mvua inapopita kwenye udongo inachukua hewa ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu, inakuwa tindikali dhaifu, inateremka kwenye nyufa. Feldspa, yale madini ya pinki na meupe kwenye graniti, ndiyo yanaumia: potasiamu inayeyuka inaondoka na maji, silika nyingine inaondoka, kinachobaki ni kaolini, ule unga mweupe uliokuwa unakuchafua mikono kwenye chenga za mita 10 au 20. Ulanga mweusi, wataalamu tunauita biotaiti, una chuma ndani, oksijeni ikikifikia hicho chuma kristali inavimba, na ikivimba inasukuma punje za jirani mpaka jiwe linapasuka vipande vidogo vidogo, ndo maana graniti inaweza kugeuka changarawe hata kabla haijawa udongo. Kwatzi, yale madini magumu yanayofanana na kioo, haijali, inabaki kama ilivyo. Yote haya yanafuata nyufa, katikati ya nyufa na nyufa panabaki bonge gumu ambalo halijaguswa, na udongo laini ukija kuoshwa mabonge yanabaki yamepandana juu ya uso wa nchi. Yale mawe makubwa ya Mwanza, pamoja na Bismarck wanalopiga nalo picha watalii, yalianza safari yao namna hiyo, chini ya ardhi.

Kwa hiyo mita zako 4 hadi 31 ni ghala, laini, linashika maji mengi ila linayaachia polepole, na nyufa za mita 43 na 52 ni mabomba yanayolivuta hilo ghala. Kisima chako kimekaa kama visima vizuri vya graniti vinavyokaa, sijaona cha kutisha kwenye huo mpangilio.

Turudi kwenye kutu maana hapa ndo penye utamu. Chuma kwenye graniti mbichi kiko katika hali ambayo haijala oksijeni, kipo ndani ya biotaiti na wakati mwingine kwenye pairaiti, ile inayometameta kama dhahabu ikawadanganya wachimbaji. Maji ya mvua yanaposhuka yana oksijeni iliyoyeyuka, na yanaendelea kuwa nayo hata baada ya kuingia chini ya usawa wa maji, mpaka ile oksijeni iishe kwa kuliwa na chuma, pairaiti na mabaki ya mimea. Mpaka kati ya eneo lenye kutu na eneo ambalo bado ni la kijivu na kijani tunauita mstari wa oksijeni. Kwenye mwamba mzima huo mstari hauendi mbali na usawa wa maji, ila kwenye ufa mmoja uliofunguka vizuri maji yanaenda haraka na oksijeni inaweza kushuka nayo mita nyingi sana kabla haijaisha. Usawa wa maji uko mita 22, kutu iko 52, na hakuna ajabu yoyote hapo, sio lazima maji yalishuka, inatosha kwamba ufa unapitisha vizuri. Kwa kweli mimi nikiona kutu kwenye ufa nafurahi kwanza, ni dalili kwamba ufa unaishi.

Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni ile aliyoisema fundi, kwamba kuna kipindi kikavu usawa ulishuka kweli na hewa ikaingia. Nyingine ni kwamba huo sio uozo wa mvua kabisa, ni rangi ya kale sana iliyoachwa na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa wakati mwamba uko kilomita kadhaa chini, hiyo inakuwa nyekundu ya damu ya mzee, hematiti, na imeingia ndani ya feldspa yenyewe, wakati kutu ya mvua kwa kawaida ni njano na kahawia, goethaiti, na imekaa juu juu. Wewe umesema njano na kahawia, kwa hiyo hii ya maji ya moto naiweka pembeni ila kaangalie tena juani sio kwa tochi ya simu. Na ya mwisho, usicheke, ni rigi yenyewe: vipande vidogo vya chuma vya nyundo na kesingi vinabaki kwenye mfuko wenye unyevu na baada ya wiki una kutu nzuri kabisa ambayo haikuwepo ardhini. Chukua chenga kumi za mita 52, zioshe, angalia nyuso zake. Kutu ya ardhini inakaa upande mmoja, ule upande bapa uliokuwa ukuta wa ufa, na zile nyuso zilizovunjwa na nyundo ni safi. Ukikuta kutu imepaka pande zote sawasawa, mtuhumu rigi.

Sasa utajuaje kama ni ya leo au ya kale bila kwenda maabara ya mbali? Uliza maji. Hii ndo hoja yangu kubwa kwenye jibu hili lote: madini peke yake hayasemi kama kuna kitu kilibadilika, mabadiliko yanaonekana pale madini na maji ya leo yanapopingana. Mtu mwenye kipima oksijeni cha mkononi akipima maji yanayotoka moja kwa moja kwenye bomba la pampu, kabla hayajagusa hewa, akakuta oksijeni ya kutosha, basi kutu ya mita 52 inaendana na maji ya leo na hakuna haja ya kutunga hadithi ya ukame wa kale. Akikuta haina oksijeni, maji yanatoka angavu halafu ukiyaacha kwenye ndoo saa moja yanageuka rangi ya chai na kuacha tope la kahawia, hapo mambo yanakuwa matamu, maana maji ya namna hiyo hayawezi kutengeneza kutu ukutani mwa ufa, yanaiyeyusha. Kutu iliyobaki ina maana oksijeni ilishawahi kushuka kuliko leo. Na kama kwenye chenga hizohizo kuna pairaiti mbichi inayong'aa kwenye uso wa ufa, basi oksijeni huo ufa haijaugusa kwa muda mrefu, au haijaugusa kabisa.

Tuje kwenye umri wenyewe, maana umeuliza na nimekaa na jambo hili miaka mingi kwa hiyo nivumilie. Saa nzuri zaidi kwenye mwamba uliooza huenda ukawa nayo mkononi, ile weusi kama masizi. Nenda duka la dawa nunua haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, dondoshea tone kwenye weusi. Ukichemka povu kwa nguvu hapohapo, hiyo ni oksidi ya manganizi. Ikikaa kimya na vipande vinabanduka kama karatasi, ni ulanga mweusi tu. Oksidi fulani za manganizi, hasa kriptomeleni, zinapokua kutokana na maji ya ardhini zinafungia potasiamu ndani, na sehemu ndogo sana ya potasiamu ni potasiamu 40 ambayo inaoza kwa mnururisho, nusu yake kwa miaka bilioni 1.25, na takriban moja katika kumi ya zinazooza inakuwa gesi ya agoni. Gesi inabaki imefungwa ndani, unaipima, unajua lini madini yalijenga. Kwa njia hiyo mwanajiolojia Paulo Vasconcelos na wenzake walionyesha kwamba kuoza kwa miamba ya Carajás, Brazil, kulianza takriban miaka milioni 70 iliyopita, yaani bado kuna dinosauria. Na kwetu Afrika, pale Tambao, Burkina Faso, kuna tabaka za manganizi zilizojengwa kwa awamu, za zamani zaidi zikiwa kama miaka milioni 59 hadi 45. Tambao sio graniti, ni miamba yenye manganizi nyingi tangu mwanzo, nimeitaja ili uone kwamba tabaka la mwamba uliooza linaweza kubaki muda mrefu namna gani.

Ila kuna mtego na huu umewaumiza wengi. Watu wanaona udongo mweupe, wanasema tupime potasiamu na agoni kwenye udongo. Kwanza kaolini safi haina potasiamu. Potasiamu unayoipata humo ni ya udongo wa aina nyingine au, mara nyingi zaidi, ni ya vumbi la feldspa ambalo halijaoza, na hilo lina agoni ya miaka bilioni 2 na zaidi. Chukulia una udongo uliojengwa miaka milioni 10 iliyopita, na asilimia 1 tu ya potasiamu yake imetoka kwenye vumbi la graniti yenye miaka bilioni 2.6. Ukipiga hesabu, maabara itakusomea karibu miaka milioni 67. Ni sawa na kumuingiza babu mmoja kwenye darasa la chekechea halafu utoe wastani wa umri. Kwa hiyo mtu akikuletea umri wa udongo wa graniti bila kukwambia alitenganisha vipi punje laini na kongwe, mshukuru, weka karatasi kwenye droo.

Kaolini ina njia yake nyingine, mionzi ya asili ya urani na thoriamu iliyopo pembeni inaacha majeraha ndani ya kristali, majeraha yanaongezeka na miaka, na yanaweza kuhesabiwa kwa mashine maalumu, ilifanyika kwa udongo wa Amazon karibu na Manaus. Goethaiti nayo, hiyo kutu yako ya njano, ina chembe za urani na thoriamu zinazotoa heliamu kila zikioza, ukipima heliamu unapata umri. Tatizo ni kwamba heliamu inavuja kwenye kristali ndogo na lazima uvujaji usahihishwe, na pia unahitaji kipande kinene cha goethaiti safi, sio utando mwembamba kama rangi ya kucha uliopondwa na nyundo ya rigi. Kwa chenga zako sidhani itawezekana, ningekudanganya nikisema vinginevyo.

Hizo zote ni saa za mamilioni. Ukitaka kujua maji ya ardhini yalibadilika vipi ndani ya miaka laki chache, vipindi vya mvua na ukame ambavyo binadamu wameviona, saa yake ni urani na thoriamu. Na uzuri wake ni kwamba inatumia kitu kilekile, oksijeni. Urani ikikutana na maji yenye oksijeni inayeyuka na kusafiri, ikifika mahali oksijeni imeisha inashika ukutani na kubaki. Thoriamu haisafiri, iko au haiko. Mwamba uliotulia muda mrefu una urani 238, urani 234 na thoriamu 230 kwa uwiano unaojulikana, kila moja inaoza kwa kasi inayolingana na inavyozaliwa. Maji yakipita na kuondoa au kuleta urani, uwiano unavurugika, halafu unaanza kurudi kwa kasi tunayoijua: thoriamu 230 nusu yake inaisha kwa miaka kama 75,000, urani 234 kwa kama 245,000. Kwa hiyo ukichukua ukuta wa ufa ukakuta uwiano umevurugika, urani ilihama hapo ndani ya miaka milioni moja hivi ya mwisho. Ukikuta umetulia kabisa, hakuna kilichohama kwa muda huo. Na kama ndani ya ufa kuna kalsaiti, madini ya chokaa, yaliyojengwa na urani bila thoriamu, unaweza kupata tarehe kabisa mpaka takriban miaka 500,000 nyuma.

Hii sayansi imekua sana kule Uswidi na Ufini kwa sababu wana swali zito kuliko langu na lako. Wanataka kuzika mabaki ya nyuklia ndani ya mwamba wa jamii ya graniti, Waswidi walichagua Forsmark mwaka 2009, kina cha takriban mita 500, na swali ni je, barafu ikija tena ikayeyuka, maji yake yenye oksijeni yatashuka mpaka kwenye makasha ya shaba yenye mabaki hayo? Huwezi kusubiri miaka 100,000 uone. Wakaenda kuuliza nyufa. Huko Laxemar, kusini mashariki mwa Uswidi, walikuta kutu ya goethaiti imeishia takriban mita 15 hadi 20 za juu, chini ya hapo pairaiti na kalsaiti bado zipo, pamoja na kwamba barafu imekuja na kuondoka mara nyingi. Mstari wa oksijeni ulikataa kushuka. Na kuna kitu kingine nakipenda: kristali za kalsaiti zikikua kwenye maji baridi yasiyo na chumvi zinakuwa fupi na bapa, zikikua kwenye maji ya chumvi zinarefuka na kuchongoka, kwa hiyo ukiona kristali moja yenye kiini kirefu na ganda fupi juu yake, umeona maji ya chumvi yakiondoka na maji ya mvua yakiingia.

Kwenu Dodoma hadithi ya urani sio ya nadharia. Kule Bahi, na Manyoni mkoa jirani wa Singida, urani imepatikana kwenye tope na chokaa za mabonde yasiyo na mto wa kutoka, na chanzo chake ni graniti za pembeni, maji yaliiyeyusha kwenye mwamba unaooza, yakaibeba, yakaiacha yalipokauka. Nitarudi kwenye hili kwa sababu linahusu afya.

Je, kulikuwa na vipindi vikavu ambavyo vingeshusha maji? Ndiyo, bila shaka. Ziwa Victoria lenyewe lilikauka kati ya takriban miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, ziwa zima, watu wakiambiwa hawaamini. Baadaye Afrika Mashariki ikawa na mvua kuliko leo mpaka kama miaka 5,000 iliyopita. Kwa hiyo maji ya Dodoma kushuka enzi hizo sio jambo la kushangaza. Ila kutoka hapo mpaka kusema kutu yako ya mita 52 ni ya ukame ule, hapana, ni kuruka mto bila kuangalia ng'ambo. Usawa unaweza pia kushuka bila ukame wowote, bonde la ufa likishuka upande mmoja au mto ukichimba mkondo wake chini zaidi, na Dodoma ni nchi ya nyufa za ardhi na matetemeko.

Fundi wako alikuwa na nusu ya ukweli lakini ameutumia vibaya, kwa sababu hata tukijua kwa uhakika kwamba maji yalikuwa mita 52 miaka 16,000 iliyopita, hiyo haisemi chochote kuhusu mwaka kesho. Kinachosema ni Makutupora. Hapo kaskazini mwa mji, kwenye graniti iliyooza kama yako, visima vinavyolisha Dodoma vimepimwa usawa wake tangu miaka ya 1950, ni moja ya rekodi ndefu zaidi za maji ya ardhini kwenye nchi za joto. Mtaalamu wa maji ya ardhini Richard Taylor na wenzake waliichambua miaka 55 yake, wakaichapisha 2013, na walichokuta ni kwamba maji hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Yanashuka miaka na miaka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama El Niño ya 1997/98, yanapanda kwa kishindo. Misimu michache tu ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya ujazo wote. Kwa hiyo usishtuke mita 22 ikiwa 24 mwakani na 25 mwaka unaofuata, ila usijidanganye kwamba mvua ya kawaida itarudisha. Namba yako ya kulinda ni 43. Ule ufa wa kwanza usiachwe ukauke wakati pampu inavuta, maji yakishuka chini yake hewa inaingia, chuma kinaganda kwenye nyufa, kisima kinapungua nguvu, na hapo utakuwa umetengeneza kutu ya kisasa kwa mkono wako.

Mita ya kuweka pampu sitakupa kutoka huku, naomba unielewe. Inahitaji pampu testi ya kweli, sio ile ya saa mbili ya kompresa ya rigi, angalau siku nzima ya kuvuta kwa kasi moja huku mtu anapima usawa, halafu kupima unavyorudi. Kama fundi hajakupa ripoti ya kisima mdai, anatakiwa kuiwasilisha, na ofisi ya bonde la maji inayohusika na eneo lenu ndiko kibali na ripoti vinakaa, wana wataalamu wa haidrojiolojia wanaoweza kuisoma na wewe. Nunua tepu ya kupimia au funga bomba jembamba kando ya pampu, pima usawa mara moja kwa mwezi asubuhi kabla ya kuwasha, andika kwenye daftari.

Hela uliyotaka kumpa mtu wa kaboni ipeleke kwenye kupima maji. Kwanza floraidi, maana biotaiti na floraiti (madini yenye floraidi) za graniti zinaiachia, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na ukizidi meno ya wajukuu wa mzee yatakwambia. Pili urani, kwa sababu ya ile habari ya Bahi, kiwango chao ni mikrogramu 30 kwa lita. Usitumie kwa kunywa kabla ya majibu. Urani ikizidi, au ukiambiwa kuna mionzi, usihangaike na watu wa mtaani, Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo kazi yao.

Na chenga usitupe. Zikaushe kivulini, toa zile zenye kutu na weusi uziweke peke yake kwenye karatasi, andika mita kwa penseli sio kwa kalamu ya wino, mifuko ya mita 31 mpaka 60 ndiyo ya thamani zaidi. GST, yaani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, wapo hapohapo Dodoma mjini, na idara za jiolojia za vyuo vikuu vya Dodoma (UDOM) na Dar es Salaam (UDSM) zina wanafunzi wanaotafuta mada. Ukiwapelekea mfululizo mzima wenye mita zake, pamoja na kipimo cha oksijeni cha maji, mtu anaweza kuangalia uwiano wa urani na thoriamu kwenye nyuso za nyufa na ukapata jibu la swali lako bila wewe kulipa. Kama povu la peroksaidi limechemka kweli, niandikie uniambie ni mita ngapi.